Kuogopa ukiwa mgonjwa sio kukosa imani (niliyoyaona kwa mama)

Mleta uzi pole sana na dada. Umeuliza kama ni kweli woga wake ndo unazuia asipone kansa, kama wanavyomwambia hao wa kikundi cha maombi. Mimi nasema hapana, na haya mambo nimeyaona ndani ya nyumba yetu.

Mama figo zilifeli, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine. Watu wa maombi walikuwa wanakuja, watu wazuri tu wala sio matapeli, ila kila mama akisema naogopa wanamshushia 2 Timotheo 1:7, Mungu hakutupa roho ya woga, halafu wanaanza kuikemea hiyo roho. Wakamwambia na ugonjwa asiukiri, yani asitamke kuwa anaumwa. Basi mama akanyamaza. Tukimuuliza sisi "nimepona kwa jina la Yesu", daktari nae anajibiwa hivyohivyo, huku miguu unaiona imevimba.

Aliyetusaidia ni bibi mmoja wa kanisani, hana cheo chochote, alikuja na chupa ya uji akakaa zake, akamuuliza tu, "mwenzangu, unaogopa nini hasa?" Mama akalia. Akasema anaogopa usiku, akilala chali pumzi haitoshi anaona kama anazama. Kumbe siku zote hizo alikuwa analala amekaa na sisi hatujui! Tukamwambia daktari, akapimwa, maji yalikuwa yameshafika kwenye mapafu, wakaongeza kuyatoa kwenye mashine na vinywaji akapunguziwa. Yani ule woga uliokuwa unakemewa ndo ulikuwa unatoa taarifa.

Nikaenda kuisoma hiyo barua ya 2 Timotheo yenyewe maana ilikuwa imeniudhi. Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo, na mistari mitatu kabla ya huo wa woga anayataja machozi ya Timotheo wala hamgombezi. Mstari unaofuata anamwambia asiuonee haya ushuhuda wa Bwana wala yeye mfungwa, kwa hiyo woga unaosemwa pale ni wa kujificha watu wasijue we ni mtu wa Yesu, sio wa mgonjwa anayesubiri majibu ya kipimo. Sura ya 4 ndo kabisa, anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, anamwambia Timotheo ajitahidi kuja kabla ya baridi, anasema kwenye kesi yake ya kwanza wote walimwacha, na Trofimo amemwacha Mileto anaumwa. Huyu ndo Paulo ambae Matendo 19 leso zake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona! Rafiki yake kabaki mgonjwa na hamsemi hata neno moja kuhusu imani ndogo.

Na Yesu Gethsemane je, alifadhaika akaomba kikombe cha mateso kimuepuke, nae tumkemee? Ayubu alilalamika sura na sura, mwisho wa siku (42:7) waliogombezwa na Mungu ni wale rafiki zake waliokuja na majibu.

Mama hakupona, nikwambie ukweli. Aliombewa mpaka mwisho na mwenyewe alitaka, alikuwa anaomba na anaogopa kwa wakati mmoja na sikuona kasoro yoyote kwenye imani yake.

Kwa dada yako maombi yaendelee, kliniki asiruke, na akisema anaogopa muulize anaogopa nini, inaweza ikawa hela, watoto, au uvimbe mwingine ameuona anaona aibu kuutaja. Wanaomwombea wakaribisheni. Ila akitokea wa kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani, huyo mkuu mwambieni asirudi hapo kwenu, hata kama ni mchungaji.