Ukishindwa kwa kadhi wa Kishafii, ungeweza kwenda kwa Mhanafi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Cairo ya zamani ilikuwa na makadhi wakuu wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja na madhehebu yake ya sheria: Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali. Sasa aliyeshindwa kwa huyu si angekimbilia kwa yule? Na kauli ya mwisho ilikuwa ya nani?

JIBU: Marahaba. Baada ya hukumu, hapana. Kabla ya hukumu, ndiyo, na watu walifanya hivyo mchana kweupe.

Chukua ndoa. Binti baleghe amejiozesha kwa mume anayelingana naye, baba hakushirikishwa. Kwa Wahanafi ndoa imesihi. Kwa Washafii hakuna ndoa bila walii, yaani msimamizi wa bibi harusi kama baba yake. Kadhi wa Kihanafi akishahukumu kuwa ni sahihi, imekwisha. Baba akienda kesho yake kulalamika kwa kadhi wa Kishafii, kwa kauli yenye nguvu kadhi huyo haivunji, ingawa mwenyewe asingeifungisha kamwe. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wana kanuni yao: hukumu ya hakimu huondoa khitilafu. Hutenguliwa hasa ikigongana na nassi ya wazi (andiko la Kurani au hadithi) au ijmaa (makubaliano ya wanazuoni).

Fatwa, yaani jibu la mufti kwa anayeuliza sheria, ni habari nyingine. Hiyo unaweza kuwauliza mamufti hata watano, maana haimfungi mtu kama hukumu inavyomfunga. Al-Qarafi, Mmaliki aliyefariki mwaka 1285 huko huko Misri, alitunga kitabu kizima kutenganisha mambo haya mawili.

Makadhi wanne waliwekwa na Sultani Baybars, mtawala wa Misri na Sham, mwaka 1265. Kabla ya hapo kadhi mkuu alikuwa mmoja, Mshafii, Taj al-Din Ibn Bint al-A'azz, na watu walilalamika kwamba anagoma kupitisha hukumu zisizoafikiana na madhehebu yake. Baybars hakumfukuza. Alimwekea wenzake watatu, akamwachia usimamizi wa mali za mayatima. Mwaka uliofuata Damascus nayo ikapata makadhi wanne. Mimi naiona siasa hapo kuliko fiqhi: kadhi mmoja aliyeshika kila kitu ni vigumu kumpinda.

Kuhusu kauli ya mwisho, sultani alimteua kadhi, alimwondoa, alimgawia eneo na aina ya kesi, tena alikuwa na baraza lake la kusikiliza wanaodai kudhulumiwa. Lakini kusema Hanafi inataka nini au Shafii inataka nini haikuwa kazi yake; hilo lilikuwa la wanazuoni na vitabu vyao.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri na Mmaliki wa Tangier, Moroko, alipopewa ukadhi Delhi alimweleza sultani kwamba watu wa pale ni Wahanafi na lugha yao haijui. Sultani akampa manaibu wawili, ukadhi ukabaki wake! Huyo huyo alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kuwa wenyeji ni Washafii. Katika mji wa dhehebu moja, mdai hana kadhi wa kuchagua.