Ng'ombe wa wazee hafuti kesi

Pole sana dada, wewe na mdogo wako hapo Uyole. Umeuliza kama wazee wa ukoo wakipokea ng'ombe wa fidia kwa mdogo wako kubakwa, kesi inakwisha. Haiishi. Kubaka ni jinai, mwenye kesi ni Jamhuri, yaani serikali, si wazee.

Ila leo hii kimbilieni hospitali. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Nguo alizovaa msizifue, zitieni kwenye mfuko wa karatasi. (Ameshaoga? Nendeni hivyohivyo.) PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ipo kituoni, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto, akiwa anavuja damu, matibabu kwanza. Kukosa shahidi kusimtishe: mahakama ikimwamini, maneno yake pekee yanaweza kutosha. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake, mrudisheni kwa daktari.