Maswali ya Wasomaji: Hofu Inatoka Wapi Katika Sinema za Zamani?

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Juzi mjomba alituonyesha filamu ya Kijerumani ya mwaka 1931 iitwayo M, inayomhusu mtu anayewaua watoto mjini Berlin. Hatukuona damu hata tone moja, wala hatukuona mtoto akidhuriwa, lakini mdogo wangu alikataa kulala peke yake na mimi mwenyewe nilikesha. Hofu hiyo ilitoka wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, hofu hiyo iliingia kwa masikio kabla ya kufika machoni. Mwongozaji wake, Fritz Lang, alikuwa amezoea kutengeneza filamu zisizo na sauti, na M ilikuwa ya kwanza kwake kuwa na sauti. Badala ya kuijaza nyimbo na maneno kwa kuwa tu mitambo mipya ilimruhusu, aliinyima muziki wa kusindikiza na kuacha sehemu nyingine kimya kabisa, hata ikawa kila sauti aliyoiruhusu kupita inamfanya mtazamaji ainue kichwa.

Rudini kwenye dakika za mwanzo. Watoto wamesimama duara uani, wanaimba wimbo wa kuhesabiana unaomtaja muuaji. Mama mmoja anawakemea waache. Mama wa msichana mdogo aitwaye Elsie, akiwa ameinamia beseni la kufulia, anasema kwamba maadamu watoto wanasikika wakiimba, angalau inajulikana kuwa bado wapo. Tangu hapo tumekwisha kufundishwa, bila kujua kwamba tumefundishwa, kwamba sauti ya mtoto ni uhai wake na kwamba ukimya una maana nyingine. Saa ya ukutani inalia adhuhuri, na mama anatandika meza kwa ajili ya chakula cha mchana. Huko mtaani Elsie anadundisha mpira kwenye nguzo yenye tangazo la zawadi ya marki 10,000 kwa atakayesaidia kumkamata muuaji, na juu ya maandishi hayohayo kinaangukia kivuli cha mtu aliyevaa kofia, kikainama na kuusifu mpira wake. Uso hatuuoni. Mpiga picha wa filamu hii, Fritz Arno Wagner, angeweza kabisa kutuonyesha uso huo, lakini uso una mipaka. Kivuli hakina, na kila mtazamaji hukijaza mtu anayemwogopa yeye.

Sasa sikilizeni kinachofuata. Mama anaita, “Elsie!” Sauti yake inasikika juu ya picha ya ngazi zilizo tupu zikitazamwa kutoka juu, kisha juu ya picha ya dari la kuanikia nguo lisilo na mtu, kisha juu ya sahani na kijiko vilivyotandikwa mbele ya kiti kisichokaliwa. Halafu mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama, na puto ambalo mgeni yule alimnunulia mtoto linanaswa kwenye nyaya na kupeperuka. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Kifo kizima cha mtoto kimesimuliwa kwa sauti ya mama inayozidi kufifia na kwa vitu vitano visivyo na mtu, na mimi, ambaye nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, bado sijaweza kuizoea ile sahani.

Kuna jambo jingine ambalo mdogo wako huenda ndilo lililomnyima usingizi: mluzi. Muuaji, aliyeigizwa na Peter Lorre, hupiga mluzi wa kipande cha Edvard Grieg kila hamu ya kuua inapompanda, na baada ya kuusikia mara mbili tu hatuhitaji tena kumwona ili tujue kwamba yupo karibu. Anayemgundua mwishoni ni muuza maputo ambaye ni kipofu, kwa kuutambua mluzi huohuo. Naye kijana mmoja anajichora herufi M kwa chaki kiganjani, kisha anampiga muuaji begani ili alama ibaki kwenye koti. Lang amempa ushahidi kipofu yule, mtu pekee ambaye picha haimsaidii kitu. Mkipata nafasi, itazameni tena sehemu ya Elsie mkiwa mmezima sauti, kisha mrudie mkiwa mmefumba macho, na mtaona ni ipi kati ya hizo mbili inayowatetemesha.

SWALI: Nimetazama The Third Man ya mwaka 1949. Picha nyingi zimepinda kana kwamba kamera iliwekwa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na nyuso nyingi zimo gizani. Je, ni uhaba wa vifaa vya enzi hizo? Na ile ala inayolia tangu mwanzo hadi mwisho ni ipi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Si uhaba hata kidogo. Robert Krasker alipewa tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa filamu hiyo, na kila picha iliyopinda ilipindwa kwa kukusudia. Hadithi yenyewe inatokea Vienna baada ya Vita Kuu ya Pili, jiji lililobomolewa na kugawanywa kati ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi. Holly Martins amefika huko kumfuata rafiki yake Harry Lime na kuambiwa kwamba amekufa. Lugha ya wenyeji haijui, na karibu kila anayezungumza naye anamficha jambo. Kamera inapolala upande, kuta na milango hupoteza wima wake, nasi tunakosa mahali pa kuegemea kama yeye anavyokosa. Angalia kwamba haipindi wakati wote. Ingekuwa hivyo tungezoea na athari ingekwisha.

Kuhusu giza, kwa kawaida mpiga picha huwasha taa kuu upande mmoja wa uso, kisha taa ya pili iliyo dhaifu upande wa pili ili kulainisha vivuli. Ukiipunguza au ukiiondoa ile ya pili, nusu ya uso huzama gizani, na mtu huonekana kuwa na jambo asilotaka lijulikane. Krasker na mwongozaji Carol Reed walifanya hivyo kwa barabara nzima: waliyamwagia maji mawe ya barabarani usiku ili kila taa iliyo mbali iakisiwe chini, na kile ambacho kingekuwa giza tupu kikawa giza linalong’aa, ambamo kivuli cha mtu hukua hadi ghorofa ya tatu.

Ndani ya giza hilo ndipo panapotokea mwanga mmoja ninaouona kuwa bora kuliko yote niliyowahi kuona katika sinema. Paka anasugua kichwa kwenye viatu vya mtu aliyesimama mlangoni gizani. Martins, amelewa, anapiga kelele akimtaka ajitokeze. Jirani wa ghorofani anaudhika na kuwasha taa, mwanga wa dirisha lake unavuka barabara na kuuangukia uso wa Harry Lime, ambaye yu hai na anatabasamu kama mtoto aliyekamatwa akichovya kidole kwenye sukari. Taa inazimwa, gari linapita kati yao, na kinachobaki ni mwangwi wa miguu inayokimbia. Mwigizaji wake, Orson Welles, hakutamka neno hata moja hapo, lakini tangu hapo filamu nzima ni yake.

Ala uliyoiulizia inaitwa zitha, na mpigaji wake ni Anton Karas, ambaye Reed alimsikia hukohuko Vienna. Hulazwa mezani na nyuzi zake kudonolewa kwa vidole. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wataitambua kuwa ni ndugu wa ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Nguvu yake hapa ni kwamba inachangamka mahali pasipofaa kuchangamka, na tabasamu hilo la muziki juu ya jiji lenye njaa na ulaghai linatia wasiwasi kuliko ambavyo okestra yenye ngoma nzito ingeweza. Halafu, Lime anapokimbizwa ndani ya mifereji ya maji machafu, muziki unanyamaza na zinabaki sauti za askari zikirudi kutoka kila mdomo wa handaki, hata yeye mwenyewe hajui ageukie wapi.

SWALI: Mbona waongozaji wa zamani waliiacha kamera imesimama muda mrefu bila kukata picha? Haichoshi? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Huchosha pale ambapo hatuna tunachokingojea. Kwa kuwa tumekwisha kuitaja The Third Man, chukua picha yake ya mwisho. Martins amesimama kando ya barabara ndefu ya makaburini, akimngoja Anna, mwanamke anayempenda. Anna anaonekana kwa mbali, mdogo kama nukta, anakuja akitembea katikati ya mistari miwili ya miti, na kamera haimsogelei. Majani yanaanguka na zitha inaendelea kulia. Mwongozaji angekata picha na kutuonyesha uso wa Martins, kisha uso wa Anna, tungejua jibu kwa sekunde tatu. Kwa kutokata, anatulazimisha tuhesabu kila hatua pamoja na huyo anayengoja, nasi tukitumaini anachokitumaini. Anna anafika usawa wake, anampita bila kugeuza shingo, anatoka nje ya picha. Martins anawasha sigara.