Mshauri nasaha anayetaka kuonekana Google: niliyoyaona kwa miaka saba ya kuwatengenezea tovuti

Dada uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Umefungua ofisi yako ya ushauri nasaha, tovuti ina miezi minane, haijakuletea mteja hata mmoja kupitia Google, na kuna kampuni inakuahidi ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30 ukiilipa nusu ya pesa kwanza. Umeuliza pia kama ni sawa kuwaomba wateja wakuandikie maoni yenye nyota. Kampuni hiyo usiilipe. Sababu nitazieleza huko mbele, ila nimetanguliza jibu kwa kuwa umesema wanataka uamuzi wako wiki hii.

Mimi si mwanasaikolojia. Natengeneza tovuti, na kwa miaka saba sasa wateja wangu wengi ni wanasaikolojia, washauri nasaha na madaktari wa magonjwa ya akili. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii niliiharibu, na kwa jinsi ulivyoielezea tovuti yako, naona ina kosa lilelile.

Mteja wangu huyo wa kwanza, mama mmoja, nilimtengenezea ukurasa mmoja ulioitwa Huduma Zetu. Humo tulipanga kila kitu: tiba ya utambuzi na tabia, EMDR (tiba ya kiwewe inayotumia mijongeo ya macho), tiba ya familia, tathmini ya kisaikolojia. Aliupenda, nami niliupenda. Baada ya miezi mitano nilifungua Search Console, kile chombo cha bure cha Google kinachoonyesha watu waliandika nini hadi tovuti yako ikatokea. Karibu wote waliobofya walikuwa wameandika jina lake. Yaani ni watu waliokuwa wanamjua tayari, wanatafuta namba ya simu tu. Lakini chini kabisa, kwenye nafasi za 60 na 70 ambako hakuna anayefika, kulikuwa na maneno mengine: "moyo kwenda mbio usiku", "nalia bila sababu", "nashindwa kuamka asubuhi sina nguvu". Google ilikuwa inajaribu kutuonyesha kwa watu hao, lakini ukurasa wetu haukuwa na la kuwaambia.

Nikaenda kukaa naye. Nilimuuliza swali moja: mtu akipiga simu mara ya kwanza kabisa, sentensi yake ya kwanza huwa ipi? Akafikiri, kisha akasema hakuna aliyewahi kumpigia akasema ana sonona. Wanasema "sijielewi". Wanasema "nimechoka na sijui nimechoshwa na nini". Wazazi wanasema mtoto anaumwa tumbo kila ikifika siku ya shule, na hospitali hawaoni kitu. Tulijaza karatasi tatu za sentensi za namna hiyo, bila jina wala jambo lolote la kumtambulisha mtu. Karatasi zile ndizo zilizojenga tovuti ya pili. Hakuna programu ya kutafuta maneno ambayo ingetupa kitu kama kile, na ushauri wangu kwako ni uanzie hapo kabla ya jambo lingine lolote. Wewe unazo sentensi hizo kichwani. Umezisikia kwa masikio yako.

Kila jambo tuliliandikia ukurasa wake. Ukurasa wa hofu ya ghafla haukuanza na ufafanuzi wa kitaalamu. Ulianza na hali yenyewe: umelala, moyo unaanza kudunda, pumzi inakata, unadhani unakufa. Kisha tukaeleza wataalamu wanaiitaje, kwamba dalili za namna hiyo zinahitaji kwanza daktari athibitishe si moyo, na kwamba inatibika. Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye sehemu ambayo naamini ilifanya kazi kubwa kuliko zote: kikao cha kwanza kinakuwaje. Nani atakupokea, utakaa na nani chumbani, kinachukua muda gani, utaulizwa nini, una haki ya kukataa kujibu nini, nani ataona yaliyoandikwa, na bei ni kiasi gani. Mtu anayetafuta msaada wa akili usiku ana hofu mbili, hofu ya ugonjwa na hofu ya kuja kwako. Ile ya pili ndiyo inayomfanya afunge ukurasa. Tovuti nyingi za washauri hazigusi hofu hiyo hata kwa mstari mmoja.

Mabadiliko hayakuwa ya haraka. Ilikuwa mwezi wa saba ndipo mpokea simu alipotuambia kuwa watu wameanza kusema "ni yale mliyoandika kuhusu mtoto na tumbo". Siku ile nilifurahi kuliko siku nilipolipwa.

Sasa, kuna jambo la kujua kuhusu namna Google inavyoitazama fani yenu. Mada zinazoweza kuathiri afya, pesa au usalama wa mtu wameziweka kwenye kundi lake, nazo hupimwa kwa ukali zaidi. Agosti 2018 yalifanyika mabadiliko ambayo watu wa kazi hii waliyapa jina la "Medic", kwa sababu tovuti nyingi za afya ziliporomoka. Wana mwongozo mrefu wa watu wanaopima ubora wa matokeo, na tangu Desemba 2022 unazungumzia mambo manne: uzoefu, utaalamu, mamlaka na kuaminika. Alama za wapimaji hao haziipandishi wala haziishushi tovuti yako moja kwa moja. Google huzitumia kujua kama mfumo wake unatoa matokeo mazuri. Lakini mwongozo unaonyesha wazi wanachokitafuta.

Kwa vitendo maana yake ni hii: kila ukurasa unaozungumzia ugonjwa uwe na jina la aliyeuandika, picha yake, elimu yake, namba ya leseni na chombo kilichoitoa, pamoja na tarehe ulipopitiwa mara ya mwisho. Niliwahi kuitwa na kliniki iliyokuwa na makala 40 zisizo na jina, zimeandikwa na kibarua wa bei rahisi ambaye hakuwahi kuongea na mtaalamu hata mmoja. Moja ilimwambia msomaji anaweza kuacha dawa za sonona akishajisikia vizuri. Nilishtuka, maana hilo linaweza kumdhuru mtu kweli. Tulifuta 31, zikabaki tisa, na wataalamu wakaziandika upya kwa majina yao. Tangu Machi 2024 Google ina kanuni rasmi dhidi ya kumwaga makala nyingi zisizo na faida ili tu kupanda, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia kifurushi cha makala 50 kwa mwezi, mwache. Kurasa sita zako mwenyewe zinatosha kuanzia.

Kwenye ramani, Google inasema inaangalia mambo matatu: huduma yako inalingana vipi na kilichotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Jaza wasifu wako wa Google Business Profile (hadi Novemba 2021 uliitwa Google My Business), chagua aina ya huduma inayolingana na leseni yako hasa, na usiongeze maneno kwenye jina la ofisi. Kuandika jina lako kisha "mshauri bora wa ndoa na msongo" ni kuvunja kanuni zao, na wasifu unaweza kusimamishwa. Kama unapokea watu nyumbani kwako, ficha anwani na uweke eneo unalohudumia. Hili ni la usalama wako kabla ya kuwa la Google. Na kama vikao vyako vyote ni vya mtandaoni, hukutani na mtu ana kwa ana, kanuni zao hazikuruhusu kuwa na wasifu huo, kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye kurasa.

Nije kwenye nyota. Ukitafuta ushauri wa kawaida wa SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya Google, utaambiwa omba maoni kwa kila mteja. Kwa mwenye duka la viatu ni sawa. Kwako si sawa. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kifungu cha 5.05, zinakataza kuwaomba ushuhuda wateja walio kwenye tiba. Zile za chama cha washauri cha huko, ACA, zinakwenda mbali zaidi na kuwataja hata wateja wa zamani. Soma za chama chako, lakini sababu ni ileile popote: mteja wako hayuko huru kukukatalia. Amekufungulia moyo wake, na wiki ijayo atakaa tena mbele yako. Akiombwa nyota tano, atasemaje hapana?

Na kuna hatari nyingine niliyoishuhudia. Meneja wa kliniki moja niliyoifanyia kazi alituma ujumbe kwa wateja wote kuomba maoni. Mmoja akaandika sentensi mbili za jumla, kwa jina lake kamili. Meneja akajibu hadharani: asante, tumefurahi kuona unaendelea vizuri tangu uanze vikao. Pale pale siri ilitoka, na aliyeitoa ni kliniki yenyewe. Mteja yule hakurudi tena. Nilikuwa na ufunguo wa akaunti ile na sikuwa nimewaonya, bado linaniuma.

Kwa hiyo usiombe. Atakayeandika kwa hiari yake ni haki yake. Majibu yako yawe ya aina moja kwa wote, anayesifu na anayelalamika: kwa kulinda usiri hatuthibitishi wala kukanusha kama mtu amewahi kuhudumiwa nasi, mwenye hoja atupigie simu. Utakuwa na nyota chache kuliko jirani yako, ndiyo. Kujulikana kunaweza kujengwa kwa njia nyingine: kiungo (link) cha kuja kwenye tovuti yako kutoka kwenye orodha ya wanachama wa chama chako cha kitaaluma, shule uliyokwenda kuzungumza na walimu, daktari anayekuletea wagonjwa na ana tovuti. Jiandikishe pia kwenye orodha za wataalamu kama ile ya Psychology Today ikiwa inahudumia nchi yako. Orodha hizo mara nyingi zitakaa juu yako kwenye matokeo, na hakuna haja ya kupigana nazo wakati unaweza kuwa ndani yake.

Usiri uuangalie pia ndani ya tovuti. Ukiweka vifuatiliaji vya matangazo kwenye fomu ya kuomba miadi, unaweza kuwa unaipa kampuni ya matangazo taarifa kwamba mtu fulani anatafuta msaada wa akili. Mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 katika shauri la tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyoituhumu kuzipatia taarifa za wateja kampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Mimi mwenyewe niligundua kuwa kwenye tovuti niliyoijenga, anwani ya ukurasa wa kumshukuru aliyejaza fomu ilikuwa na jina la tatizo alilolichagua, na anwani hiyo ilikuwa inatumwa nje. Siku hizi kwenye kurasa za fomu siweki kifuatiliaji chochote. Ukitaka kujua watu wametoka wapi, mpokea simu aulize: ulitufahamu vipi?

Maneno ya kujiua usiyagombanie. Katika nchi nyingi Google huweka namba za msaada wa dharura juu kabisa mtu akiyatafuta, na pale ndipo zinapostahili kuwa. Wewe weka juu ya kila ukurasa mstari unaosema ofisi yako si ya dharura na mtu apige wapi.

Mambo ya ufundi hayahitaji maelezo marefu. Tovuti iwe na HTTPS (ulinzi wa taarifa zinazopita kati ya msomaji na tovuti), isomeke vizuri kwenye simu maana Google sasa hupima toleo la simu, na sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kinachochelewesha kwenye tovuti za washauri karibu kila mara ni ile picha kubwa ya mtu aliyekaa kando ya ziwa. Ipunguze au iondoe, weka yako.

Kuhusu ile kampuni: Google yenyewe inaonya kuwa hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na ilishaeleza kuwa kazi hii huchukua kati ya miezi minne na mwaka hadi ionyeshe faida. Anayeahidi siku 30 mara nyingi atakupandisha kwa jina lako mwenyewe, ambako tayari upo, au atakununulia viungo. Ofisi moja ilikuja kwangu baada ya kununuliwa viungo, na vingi vilitoka kwenye tovuti za kamari. Waulize tu: ni kurasa zipi zangu mtazigusa, na viungo vitatoka wapi? Wakikataa kujibu kwa maandishi, umeshajibiwa.

Ukipata muda, fungua Search Console, chukua miezi mitatu ya mwisho, ondoa jina lako, kisha uweke hapa maneno 20 yanayobaki hata kama hakuna aliyebofya. Nitakuambia ni ukurasa upi ningeuandika kwanza.