Mbuga ipi, mwezi gani: hesabu za kupiga kabla ya kukodi gari

Watu wakisema "twende mbugani", jina linalofuata ni Serengeti. Linatajwa kabla ya mwezi, kabla ya gari, kabla hata ya kuuliza watoto wanafunga shule lini. Ndiyo maana kuna familia zinazosafiri siku mbili na kuambulia vumbi na swala tomi. Jina la mbuga liwe jambo la mwisho. Anza na mwezi, zifuate siku mlizonazo, halafu gari.

Hela nayo ina hesabu yake, na wengi huikosea kwa sababu wanasoma vifurushi vilivyoandikwa kwa ajili ya watalii wa nje. Mgeni hulipa makumi ya dola kwa siku getini, kwa hiyo kifurushi chake kinabana siku. Raia wa Afrika Mashariki mwenye kitambulisho hulipa maelfu ya shilingi tu. Kinachokumaliza wewe ni gari, dizeli na dereva. Mgeni abane siku. Wewe bana kilomita, halafu lala usiku mmoja zaidi. Kutoka Dar hadi Seronera, katikati ya Serengeti, kwa barabara ni karibu kilomita 1,000 kwenda peke yake. Kwa likizo ya siku nne hiyo si safari ya mbuga, ni safari ya barabara.

Aliye Dar mwenye siku mbili au tatu aende Mikumi bila kuona haya. Treni ya SGR inakufikisha Morogoro chini ya saa mbili, na kutoka hapo barabara ni ya lami mpaka getini. Uwanda wa Mkata una twiga, tembo, nyati, pundamilia na nyumbu, na bwawa la viboko haliko mbali na geti. Simba wapo, ila inabidi uwe getini linapofunguliwa asubuhi, si saa nne baada ya supu ya Mikumi mjini. Kiangazi hata gari dogo lenye kimo kizuri linapita njia kuu za Mkata. Mvua zikikolea, udongo ule mweusi unashika magurudumu, na baadhi ya njia hufungwa. Wanaopita barabara ya Iringa wanajua kwamba lami inakatiza hifadhini kwa kilomita 50. Kuona tembo dirishani mwa basi si sawa na kuingia ndani, na ukimgonga mnyama pale faini inakungoja.

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019, ina kitu ambacho Serengeti haina: boti. Unakaa juu ya maji ya Rufiji, viboko na mamba pembeni, huku tembo wakishuka kunywa. Pia ni mahali pazuri pa kumtafuta mbwa mwitu. Shida ni njia. Lami inaishia Kibiti. Kuelekea Mloka na geti la Mtemere ni vumbi, na Aprili na Mei njia hiyo inageuka tope, kambi nyingi zikafunga. Ukiona bei imeshuka sana kwa Aprili, sababu ndiyo hiyo.

Ruaha ni ya Julai hadi Oktoba, na kwa maoni yetu ndiyo mbuga inayodharauliwa kuliko zote nchini. Mto Ruaha Mkuu unapopungua, wanyama wote wanasogea kwenye madimbwi yaliyobaki, na simba wanawafuata. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, jambo ambalo si la kawaida, na tembo huchimba mchanga wa Mto Mwagusi kupata maji. Jaza tangi Iringa mjini, beba spea mbili, na msifike getini jioni, kwa sababu kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Sasa kaskazini, ambako kalenda ndiyo kila kitu.

Nyumbu wa Serengeti, zaidi ya milioni moja, hawakai mahali pamoja. Kuanzia Januari hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, kwa sababu majani mafupi yanayoota juu ya majivu ya volkano yana madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Ndama wengi huzaliwa Februari. Masika inapokwisha wanaelekea magharibi, Juni wako karibu na Mto Grumeti, na kuanzia Julai mpaka Oktoba wengi wako Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, wakivuka Mto Mara kwenda na kurudi. Novemba mvua za vuli zinawaita kusini tena. Anayelala Seronera mwezi Agosti akitaka kuona nyumbu wakivuka mto atangoja bure: mto uko saa kadhaa kaskazini kwa barabara ya vumbi iliyojichonga rasta, yaani vituta vidogo vidogo. Seronera yenyewe haiko tupu, kwani mto wake hubaki na maji, na chui na simba wake ni wakazi wa mwaka mzima. Lakini hicho ni kitu kingine, ukichague ukijua.

Tarangire inakwenda kinyume na Ndutu. Kiangazi kikikaza, Julai hadi Oktoba, makundi makubwa ya tembo yanabana mtoni. Mvua zikinyesha wanatawanyika nje ya hifadhi. Kwa likizo ya Desemba, basi, Tarangire ina mibuyu mingi na tembo wachache, na heri uende kusini mwa Serengeti au Ngorongoro. Kwa likizo ya Juni Tarangire ndiyo inaanza kunoga, na kutoka Arusha ni saa mbili tu za lami.

Kreta ya Ngorongoro ina eneo la takriban kilomita za mraba 260 na wanyama hawana haja ya kuhama, kwa hiyo haina mwezi mbaya. Ni hapa unapokuwa na nafasi ya kweli ya kumwona faru. Gari lazima liwe linalosukumwa na magurudumu yote manne (4WD), na lina ada yake ya kushuka mbali na kiingilio cha watu, kwa hiyo jazeni viti. Ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Julai alfajiri kanga peke yake haitoshi. Na kama watoto wameahidiwa twiga, waonyeshwe kabla ya kushuka: chini ya kreta twiga hawapo, kuta ni za mwinuko mkali mno kwao.

Kosa la gharama upande huu ni vibali. Kutoka Karatu kwenda Serengeti kupitia geti la Naabi unakatiza eneo la Ngorongoro, nalo lina kiingilio chake, kwenda na kurudi. Kibali kina saa zake. Mkichelewa kutoka mnatozwa tena. Malipo ni kwa kontroli namba au kadi, noti haziwasaidii getini, kwa hiyo lipeni mapema mahali penye mtandao.

Wa Mwanza, Musoma na Shinyanga wasizunguke Arusha kabisa. Geti la Ndabaka liko kwenye lami ya Mwanza–Musoma, na unaingia Serengeti bila kuigusa Ngorongoro. Mwezi Juni unakutana na nyumbu wakiwa upande wako. Mvua ikinyesha, ulizia hali ya barabara kabla ya kuondoka. Udongo mweusi wa ukanda ule umelaza wengi porini.

Magharibi ni kwa mwenye siku nyingi. Katavi, jirani na Mpanda, ina viboko mamia waliobanana kwenye tope la mwisho la Mto Katuma Septemba na Oktoba. Mahale na Gombe ni za sokwe, unafika kwa boti kutoka Kigoma, unatembea kwa miguu, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Mwenye mafua naye abaki kambini, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

Nje ya mipaka, wa Mombasa na Nairobi wana bahati ya SGR inayosimama Voi, jirani kabisa na Tsavo Mashariki. Samburu, kaskazini mwa Kenya, ina wanyama ambao kusini huwakuti kwa urahisi: pundamilia wa Grevy, twiga wenye mabaka ya wavu. Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, kwa hiyo tiketi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haifanyi kazi pale. Na usipange kuvuka kutoka Serengeti kwenda Mara ndani kwa ndani. Mpaka ule si njia ya watalii. Utazungukia Sirari au Namanga, na hiyo ni siku nzima imepotea. Chagua upande mmoja.

Uganda na Rwanda uende kwa ajili ya gorila wa milimani, si kwa nyati. Watu 8 kwa kundi, saa moja, umri kuanzia miaka 15. Mgeni hulipa dola 800 Uganda na 1,500 Rwanda. Raia wa Afrika Mashariki wana bei yao nafuu, kwa hiyo onyesha pasi ya kusafiria unapoweka nafasi.

Kruger ya Afrika Kusini inamfaa anayetaka kuendesha mwenyewe: lami, gari dogo, kambi za serikali zenye uzio na duka. Juni hadi Septemba nyasi ni fupi na mnyama anaonekana. Delta ya Okavango huko Botswana hujaa maji wakati huohuo wa kiangazi, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani Angola huchukua miezi kufika. Bei yake ni ya ndege ndogo na kambi za kifahari, na kwa fedha hiyo familia ya Dar ingekwenda Ruaha mara kadhaa.

La mwisho ni nguo. Bluu iliyokolea na nyeusi humwita mbung'o, na Tarangire, Katavi, Ruaha na Nyerere wapo tele. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na vioo vya gari vipandishwe mnapopita kwenye miti mingi. Dawa ya mbu ya kupaka haimzuii sana. Kitambaa kizito kinamzuia.