Uliza Sonara: Dhahabu ya Wakelti

Toleo lililopita niligusia juu juu mapambo ya Wakelti, watu waliotapakaa sehemu kubwa ya Ulaya kabla Warumi hawajawatawala. Barua zimefurika. Nimechagua chache ambazo mtu wa nyundo na koleo anaweza kuzijibu bila kubabaisha.

*Shikamoo Babu Sonara. Mimi najifunza usonara. Nimeona picha ya kidani kinene cha dhahabu kilichosokotwa, kilichopatikana Snettisham, Uingereza. Hakina kifungo wala bawaba. Kilivaliwaje? Na waya ule ulisokotwaje bila kukatika? – Mwanagenzi*

Marahaba, mjukuu wangu. Tuanze na waya. Dhahabu tupu ni laini, ukiipinda inabaki imepinda. Mafundi wale waliichanganya na fedha, na shaba kidogo, wakapata kitu chenye ukaidi, kinachopinda kisha kikarudi mahali pake. Nawe umeshaona mwenyewe kwamba waya ukifuliwa mfululizo unakakamaa na kupasuka, hivyo lazima urudishwe motoni ulegee ndipo uendelee. Nyaya nane zilisokotwa zikawa ugwe mmoja, kisha nyugwe nane za namna hiyo zikasokotwa pamoja. Hizo ni nyaya 64, na unene wake unalingana kiasi kwamba huoni mahali mkono uliposita. Mimi nina mashine ya kuvutia waya na bado ningeomba nipewe muda.

Vile vichwa viwili mwishoni viko wazi ndani. Vilimiminwa kwenye kalibu na kuungwa kwenye ncha za nyugwe, kisha vikachorwa mistari midogo inayopishana kama ususi wa mkeka. Kidani chote kina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1. Kipo British Museum, London.

Kukivaa sasa. Usivute vichwa kulia na kushoto kukipanua, utakiua baada ya mara chache. Kichwa kimoja kisukume mbele, kingine nyuma, mwanya ukipatikana penyeza shingo, halafu virudishe. Ule ukaidi wa mchanganyiko ndio unaokusaidia hapa.

Sarafu iliyokwama kati ya nyaya zake ndiyo inayotuambia kilifukiwa yapata mwaka 75 KK. Kililetwa juu na jembe la trekta mwaka 1950. Kabla yake, mwaka 1948, jembe lilikuwa limeshaibua vidani vingine katika shamba lilelile, na cha kwanza kilidhaniwa ni kipande cha kitanda cha shaba, kikatupwa pembeni mwa shamba! Wewe ukiokota chuma cha njano, kikune kwanza.

Tena usikubali kuambiwa kwamba vidani hivi vilikuwa vya wanaume vitani tu. Ni kweli ile sanamu maarufu ya Mgauli, yaani Mkelti, anayekata roho, iliyoko Roma, haina nguo bali ina kidani shingoni. Lakini kaburi la Vix, Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 1953, lilikuwa la mwanamke, naye alizikwa na kidani cha dhahabu cha gramu 480.

*Stonehenge ilijengwa na makuhani wa Wakelti? – Msomaji wa siku nyingi*

La. Handaki lake lilichimbwa kama mwaka 3000 KK, na yale mawe makubwa yakasimamishwa yapata 2500 KK. Vitu tunavyoviita vya Wakelti vya mwanzo, kama vya makaburi ya Hallstatt huko Austria, vinaanzia karne ya 8 KK. Wasomi wa Uingereza wa karne ya 17 na 18, William Stukeley akiwamo, ndio waliowakabidhi makuhani mawe yasiyo yao.

*Mzee wangu, nimesoma kwamba mkuu wa Kikelti alizikwa na viatu vya dhahabu. Alitembea navyo kweli? – Mwalimu wa historia*

Hakutembea navyo hata hatua moja, mwalimu, na hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Kaburi ni la Hochdorf, kusini mwa Ujerumani, la yapata 530 KK. Lilichimbwa mwaka 1978 na 1979 chini ya Jörg Biel, na wezi hawakuwa wamelifikia. Marehemu alikuwa na miaka kama 40, mrefu wa karibu mita 1.87. Alilazwa juu ya kochi la shaba lenye urefu wa mita 2.75, lililobebwa na wanawake wanane wadogo wa shaba waliosimama juu ya magurudumu.

Chini ya kilima cha kaburi wachimbaji walikuta mabaki ya karakana, pamoja na vipande vya dhahabu. Maana yake mafundi waliitwa msibani. Mapambo ya dhahabu ya viatu yalikatwa kwa ajili ya maziko, na jambia lake la kila siku likavishwa bati jembamba la dhahabu palepale. Nawaona wenzangu wale wakifanya kazi huku jamaa wa marehemu wamewasimamia wakiuliza saa. Haikosi ndiyo sababu pambo la kiatu cha kulia liliwekwa mguu wa kushoto, na la kushoto kulia.

Miguuni palikuwa na sufuria la Kigiriki la lita 500 lililotiwa pombe ya asali, na simba watatu wamelala ukingoni. Wawili ni kazi ya Wagiriki. Wa tatu ameongezwa na fundi wa kwao, na sura yake si ile. Wengi humcheka. Mimi huyo ndiye ningependa kumshika mkononi, maana fundi aliambiwa atengeneze mnyama ambaye pengine hakumwona maishani.

*Nimenunua sweta ya visiwa vya Aran, Ireland. Muuzaji kasema kila ukoo una mafundo yake tangu enzi za Wakelti. Ni kweli? – Dada mpenda sufu*

Ni maneno ya dukani, dada. Sweta zile zilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi ya kuwatambua waliozama kwa mafundo yao ilichochewa na tamthilia ya mwaka 1904, ambamo maiti anatambuliwa kwa soksi.

Wakelti wa kale walifuma kwa kitanda cha mfumi. Chumvi ya migodi ya Hallstatt imetuhifadhia vitambaa vyao vya sufu, vingine vya miraba na vingine vya buluu, na unaweza kuviona katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe, Vienna. Sweta yako ni sufu halali hata hivyo. Ivae, na usiifue kwa maji ya moto.