Moyo wa mwenye kisukari huumia kimyakimya

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka hapa hapa Tanga mjini. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 63, kisukari huu mwaka wa 15. Ijumaa usiku alitokwa na jasho, akatapika mara mbili, akasema ni gesi. Tukampa maji ya tangawizi. Jumapili hospitali wakasema ni mshtuko wa moyo. Mbona hakulalamika kifua hata kidogo? (Binti, Makorora)

Marahaba mwanangu. Msijilaumu, hata sisi wa hospitali hupitwa.

Nikuulize: baba yako hajawahi kuvukwa na kandambili njiani asijue mpaka aambiwe? Hiyo ni ganzi. Sukari ikikaa juu miaka mingi hula mishipa ya fahamu, na si ya miguuni peke yake. Ile inayopeleka habari ya maumivu kutoka moyoni nayo huchakaa. Moyo unakosa damu, msuli unakufa, mwenyewe anahisi amechoka tu. Wengi wenye kisukari bado huumwa kifua kama watu wengine, ila wasioumwa kabisa ni wengi zaidi kwao kuliko kwa wasio na kisukari.

Badala ya kifua huja pumzi kukata, jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, uzito wa taya au bega, au maumivu pale chembe cha moyo. (Waliopaita hivyo waliona mbali, maana sisi tukiumwa hapo tunakimbilia kusema vidonda vya tumbo.)

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja na baiskeli yake kupima sukari, shati limelowa hadi kiunoni. Mashine ikasoma 19 (mmol/L). Angeandikiwa dawa na kurudi nyumbani, maana 19 ilitosha kueleza kila kitu. Muuguzi ndiye aliyeuliza: "Babu, mbona kutoka getini mpaka hapa umekaa chini mara mbili?" Alipopimwa umeme wa moyo, mshtuko ukaonekana. Moyo ukiumia, mwili humwaga homoni zinazopandisha sukari. Kwa hiyo sukari iliyoruka ghafla bila sababu yaweza kuwa ni moshi tu, moto uko kwingine.

Jasho likinitoka nitajuaje ni sukari imeshuka au ni moyo? (Dereva wa bajaji, Ngamiani)

Pima. Ikiwa chini ya 4, kunywa soda yenye sukari au maji ya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa sukari haiko chini na jasho linaendelea, au imepanda baada ya soda na bado hujisikii vizuri, nenda hospitali. Usijiendeshe mwenyewe.

Mume wangu na jirani yetu walilazwa wiki moja kwa mshtuko wa moyo. Jirani alitoka mapema, wangu akajaa maji mapafuni, figo zikasumbua. Ni uzembe? (Mama, Chumbageni)

Pole sana mama. Sikuwapo, siwezi kuwasemea. Ila hata akihudumiwa vizuri, mwenye kisukari huwa na safari ngumu zaidi. Kwanza, mara nyingi huchelewa kufika kwa sababu hizo nilizomweleza binti wa Makorora, na kila saa inayopita msuli wa moyo unapungua. Pili, mishipa yake ya damu aghalabu imeziba sehemu nyingi, si moja. Moyo ukichoka kusukuma, maji hurudi mapafuni. Figo nazo huenda zilishachoshwa na sukari kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana vifo na moyo kushindwa kazi ni vingi zaidi kwao wakiwa wodini, na hata baada ya kutoka.

Wakimwanzishia sindano za insulini wodini, usiogope kwamba ndiyo dawa ya mwisho. Wengi hurudi kwenye vidonge.

Tukimshuku mtu, tumpakie gari moja kwa moja hadi Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete? (Kaka, Sahare)

Hapana. Hizo ni kilomita kama 350, na moyo wenyewe hausubiri Chalinze. Anzeni Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo. Kama hana mzio wa aspirini wala hatoki damu, na hajapooza upande wala kupinda mdomo, atafune miligramu 300 mkiwa njiani. Ikithibitika mshipa umeziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Rufaa ya Dar ifuate baadaye, kwa gari la wagonjwa lenye muuguzi na oksijeni.

Na mkifika mapokezi msiseme "anaumwa tumbo". Semeni: "Ana kisukari, ametokwa na jasho tangu saa fulani, tunaomba apimwe moyo."